Chatu wa Mzee Pazi

Wewe ungemlisha kwa mkono wako nyoka aliyemfukuza mama yako kijijini? Usijibu haraka. Tofiki alimlisha, na kila alipomlisha aling'atwa.

Kazi yake ilikuwa barafu. Aliipakia kwenye pikipiki mjini Kilindoni alfajiri, akaikimbiza pwani ya Utende kwa wanunuzi wa pweza kabla haijawa maji. Kijiji chake hakikuwa mbali na hapo. Mama yake, Bi Mwanamkuu, alikuwa mjane mwenye nyumba, minazi michache na kisima cha maji baridi, yasiyo na hata chembe ya chumvi, kisichokauka kiangazi wala masika. Kisima hicho ndicho kilichomponza.

Mzee Pazi alitoka bara na sanduku. Ndani ya sanduku mlikuwa na chatu. Mtoto akiugua, nyavu zikipotea, Mzee Pazi aliwaketisha wanawake duara uwanjani, akamtoa chatu wake, ametulia kama kamba ya nanga, akanong'ona maneno yake. Chatu akajivuta taratibu mpaka kwa mmoja wao. Huyo ndiye mchawi, hakuna cha shauri wala rufaa.

Siku ya Bi Mwanamkuu, Pazi alimkabidhi chetezo kinachofuka moshi. "Wewe ndiye mkubwa wao, bibi. Tushikie ubani." Watu wakaona kapewa heshima. Chatu akaenda moja kwa moja hadi mapajani mwake. Adhuhuri haijaadhiniwa, milango yake ilikuwa imeng'olewa, na mama mwenyewe alikuwa chomboni kuelekea kisiwa cha Chole kwa dada yake, na furushi moja, kanga imechanwa begani. Aliyeichana ni Furaha, jirani aliyechota maji kisimani kwake miaka yote. Siku ya pili Pazi alitangaza kuwa kisima kina majini, kinataka mlinzi. Akahamia.

Tofiki alimeza. Kumeza si kusahau.

Ikafika siku chatu akagoma kula. Mdomo ukaanza kuoza, na katika kufunguliwa mdomo huo akamrarua Pazi kidole. Pazi akasema jini limeshatoka, lililobaki ni ganda tu, akawapa vijana sanduku wakalichome. Tofiki alipita na pikipiki yake akakuta mafuta ya taa yameshamwagwa.

"Nipeni."

"Umpeleke wapi, kaka? Ukamtie nazi?"

"Nipeni, nimesema."

Asije mtu akasema Tofiki ana huruma na wanyama. Alimchukua ili amuue mwenyewe, kwa mchi wa mama yake, kwa nafasi. Alifika nyumbani, akafungua kifuniko, na kile kiumbe chembamba kama mshipi, nusu maiti, kikajikunja na kumrukia mkononi. Tofiki alitazama damu yake ikidondoka, akacheka. Hakuwa amecheka tangu mama aondoke.

"Kumbe na wewe unamchukia kila mtu," alimwambia. "Basi kaa."

Mkewe, Shamsa, alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Baba Faraja, wenzio wanafuga kuku wanapata mayai. Wewe utapata nini?"

"Pazi."

"Pazi yuko kisimani kwa mama yako, anaoga."

Neno hilo lilimfanya Tofiki afanye kazi kama aliyechapwa. Banda kuukuu la kuku akalizungushia waya. Kila jioni alimfunika chatu kichwa kwa gunia, akamkalia, akamsafisha mdomo kwa pamba na maji ya uvuguvugu ya chumvi, kisha akampaka asali. Shamsa aliapa hatamgusa, na wiki ya pili ndiye aliyekuwa ameshika mkia, uso ameugeuzia ukutani. Panya waliwatega kwenye minazi. Chatu akanenepa, na kadiri alivyonenepa ndivyo hasira ilivyozidi. Aliruka akisikia mlango, aliruka akiona kivuli. Tofiki akajifunza kuwa meno ya chatu yameelekea nyuma. Ukiuvuta mkono unauchana, inabidi kwanza uusukume ndani. Mikono yake ikajaa mistari ya nukta nyekundu, na wanunuzi wa pweza wakamuuliza kama ameanguka kwenye cherehani.

Upepo wa kusi ulipoingia, asubuhi moja ya baridi alimkuta amekakamaa. Akawasha jiko la mkaa, akaliweka pembeni ya banda. Chatu akainua kichwa, akalifuata. Tofiki akalihamishia upande wa pili. Chatu naye akageuka, akajivuta, pole pole, akaenda kukiegemeza kichwa kwenye waya pale palipo na moto.

Tofiki akakaa chini kwenye mavi ya kuku. Nyoka wa baridi anafuata moto. Chetezo kina makaa. Aliyepewa chetezo ndiye mchawi, na anayekigawa chetezo ni Pazi.

Lakini baridi ilitoka wapi, katika jua lile la uwanjani? Hapo ndipo moyo ulipomwungua. Asubuhi za kuagua, Pazi alikuwa akinunua barafu. "Ya samaki," alikuwa akisema, na hakuna aliyewahi kumwona Pazi na samaki. Tofiki alimpelekea mwenyewe, hata ile asubuhi ya mama.

Tangu siku hiyo alitunga hotuba. Aliitunga juu ya pikipiki, Kilindoni hadi Utende, akaipanga na kuipangua: barafu, makaa, kisima. Alitaka aiseme mbele ya watu wote, Pazi akiwa amesimama pale pale, hana pa kuuficha uso.

Pazi alijileta mwenyewe. Wavuvi wa dago, wale wanaokuja kwa msimu na kupiga kambi ufukweni, walikuwa wameibiwa mashine ya boti, wanataka kuonyeshwa mchawi wao.

"Shikamoo, mzee," alisema Tofiki. Neno lilimchoma ulimi, lakini mama yake alimlea hivyo.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mgonjwa wetu kapona."

"Kapona. Ni wako. Nitamleta mwenyewe."

Pazi akatabasamu, akasogea karibu kama mshirika. "Basi mlaze kwenye barafu kidogo kwanza. Unamjua, ana hasira."

"Barafu ninayo," alisema Tofiki.

Hakumtilia hata kipande. Alimnyima panya mpaka akawa anaung'ata waya. Siku yenyewe alimlaza ndani ya deli, lile sanduku lake la kuhifadhia barafu, katikati ya chupa za maji ya moto zilizofungwa matambara, akalifunga juu ya pikipiki.

Uwanjani wanawake walikuwa wameketi. Safari hii chetezo alipewa Moza, mjane muuza mikeka. Pazi akanong'ona maneno yake, akakunja mikono ya kanzu, akafungua deli na kuingiza mkono kama mtu anayetoa maandazi.

Chatu alimkamata kiganja, akajizungusha mkononi hadi bega, akamlaza mchangani. Wavuvi wa dago walicheka. Kisha hawakucheka tena.

"Kamchagua," alisema Furaha, taratibu.

"Kamchagua bwana wake," wakaitikia wengine, na duara likaanza kujikaza.

Tofiki akafungua kinywa. Hotuba ilikuwa pale, imeiva. Akaona Pazi anamtazama yeye peke yake katika umati ule wote, kilemba kimefunguka, mchanga mdomoni.

"Waambie, Tofiki," Pazi alihema. "Waambie habari ya barafu."

Lo, utamu wa dakika ile. Mtu aliyemvua mama yako jina anakuomba umrudishie lake.

"Barafu gani, mzee?" alisema Tofiki.

Akapiga magoti, akamfunika chatu kichwa kwa gunia, akakisukuma kiganja cha Pazi ndani kwanza ndipo akakitoa, bila haraka. Aliyofanyiwa Pazi baada ya hapo ni yale yale aliyofanyiwa Bi Mwanamkuu, na fimbo juu yake. Aliondoka kijijini anachechemea, kanzu imechanwa, na Tofiki alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotelea kwenye minazi. Alipokuwa akimrudisha chatu bandani aling'atwa, hata hakusikia maumivu.

Jioni alimpigia mama yake simu. "Mama, rudi. Nyumba yako iko wazi."

"Wamesema nini?"

"Wamesema Pazi ndiye mchawi."

"Na mimi je?"

"Wewe rudi tu, mama."

Asubuhi iliyofuata Tofiki alikuwa pwani ya Utende mapema. Nusu ya kijiji ilikuwa imekuja. Mashua ya kutoka Chole ilipogusa mchanga, Bi Mwanamkuu alishuka, na Furaha ndiye aliyekimbia kumpokea furushi, akajitwika.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, bibi," watu walisema, lakini kwa mbali, na hakuna aliyempa mkono. Njia ilifunguka mbele yake pana kuliko ilivyohitajika. Mtoto mmoja alimkimbilia. Mama yake akamdaka, akamfunika uso kwa kanga.

"Bibi, tuwie radhi," alisema Furaha, macho chini. "Umwambie mwanao asitutolee yule nyoka. Sisi ni watu wako."

Bi Mwanamkuu alimtazama Furaha, akautazama umati, akamtazama mwanawe.

"Hukuwaambia kuwa mimi si mchawi," alisema.

"Mama, Pazi ameondoka."

"Nimeona. Mimi ningali vile nilivyokuwa."

Alilitua furushi lake kutoka kichwani kwa Furaha, akapandisha kanga, akarudi majini. Alipanda mashua akaketi, mgongo kwa nchi kavu. Tofiki alimfuata mpaka maji yakamfika mapajani, akaushika ubavu wa mashua. Nahodha alimtazama yeye, akamtazama mama, akangoja. Mama hakugeuka. Nahodha akainua pondo, akaisukuma mashua.