Nilivyozipanga Elementi kwa Mpaka wa Malaba

Enzi zetu pale Malaba, mtoto akipewa mradi shuleni alikwenda nao nyumbani kwa miguu, akaufanya kwa mikono yake, na ukiharibika uliharibika ukiwa wake. Simu ya kuuliza haikuwepo. Kadi zangu za kemia nilizikata kwa kisu kutoka kwenye katoni ya sabuni, nikazibandikia karatasi kwa uji wa muhogo, na kabla hazijakauka kuku wa nyumbani alikuwa ameshadonoa heliamu. Wenzangu mliosoma miaka ya tisini mnajua sitanii.

Nilikuwa kidato cha pili, na niliamini, bila ushahidi wowote, kwamba mimi ni mwanasayansi. Muhula huo tulipewa miradi miwili. Mwalimu wa kemia alitaka tuzipange upya elementi tulizosoma, kila mmoja kwa utaratibu aliouvumbua mwenyewe, kisha aueleze mbele ya darasa. Mwalimu aliyetushauri kuhusu kazi za baadaye naye alitaka twende kwa fundi yeyote, tumhoji, tuandike kurasa nne.

Fundi nilikuwa naye nyumbani. Baba alikuwa fundi wa betri kando ya barabara ya malori. Madereva waliosubiri kuvuka kwenda Uganda walikaa foleni siku mbili tatu wakisikiliza redio, betri zikafa, wakamletea. Alizifungua, akabadilisha mabamba ya risasi ya ndani, akamimina asidi, akazichaji. Asidi hiyo ilikuwa imemtobolea suruali zote, hata ya kanisani, na mimi, malkia wa sayansi, niliona haya kuandamana naye sokoni.

Jioni moja alinikuta mezani nikihangaika na kadi. Akavuta kigoda, akaanza kuzisogeza kwa kidole.

"Mama," akasema, maana nimerithi jina la mamake, "panga hizi vile asidi inazikula. Zinki inakulwa mbio. Chuma inafuata, pole pole. Risasi inajikaza sana. Shaba, wapi! Haiguswi."

"Baba, hii ni kemia," nikamjibu. "Si mambo ya betri."

Hakubishana. Alizirudisha kadi nilivyokuwa nimeziweka, moja moja, akaenda kunawa.

Nikaendelea na uvumbuzi wangu. Mtoto wa mpakani hujua jambo moja kabla hajajua kusoma: kila kitu kimetoka huku au kimetoka ng'ambo. Basi nikazigawa elementi hivyo hivyo. Kalsiamu nikaipeleka ng'ambo, kwa sababu simiti ilitoka Tororo, upande wa Uganda. Shaba na dhahabu zikaifuata. Sodiamu ikawa yetu, maana chumvi ilipita kwetu ikienda kwao. Chuma pia yetu, kwa ajili ya mabati. Oksijeni ilinitesa siku mbili nzima, mwishowe nikaiweka katikati, kwenye daraja la mpakani.

Siku ya kueleza nilisimama kifua mbele. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Na hii oksijeni yako," akauliza, "huwa inagongewa muhuri wapi?"

Darasa lilicheka mpaka darasa la jirani likanyamaza kusikiliza. Tangu hapo hadi namaliza shule niliitwa Forodha, na wako watu wazima na heshima zao wanaoniita hivyo hadi leo.

Kwenye mradi wa pili sikuwa na akili zaidi. Nilipita mbele ya kibanda cha baba nimekumbatia daftari, macho mbele, nikaenda kumhoji ajenti wa mizigo kwa sababu alivaa tai. Baba aliniona. Aliacha kazi, akajipangusa mikono tayari kunisalimu, na mimi nikaongeza mwendo. Nikaandika kurasa nne kueleza kwamba kujaza fomu ni ufundi. Mwalimu aliniandikia chini kwa wino mwekundu: "Fundi yuko wapi?"

Mwaka uliofuata, mwalimu yule yule wa kemia alituandikia ubaoni jinsi metali zinavyozidiana mbele ya asidi. Zinki. Chuma. Risasi. Chini kabisa, shaba. Masikio yaliniwaka. Tulipofunga shule jioni nilipitia kibandani na sare yangu, nikamweleza baba yale ya ubaoni, neno kwa neno.

Akacheka sana. "Sasa huyo mwalimu yenu, yeye alifunzwa na fundi gani?"

Kisha akainamia betri tena. "Na ile kazi ya kuandika fundi," akauliza bila kuniangalia, "wewe uliandika nani?"

Ningeweza kusema kweli.

"Wewe," nikasema.

Jamani, furaha ile! Alimwita dereva aliyekuwa akisubiri betri yake. "Boss, kuja usikie! Niko kwa kitabu ya shule!" Tangu siku hiyo aliwaeleza madereva wa Mombasa, wa Kampala, hata wa Kigali wasioelewa vizuri anasema nini. Aliniomba nimletee daftari alione. Nikamwambia kwamba mwalimu amebaki nalo. Hakuomba tena.

Siku hizi mambo yamegeuka. Shule humtumia mzazi ujumbe, mzazi ndiye hukata katoni na kubandika, huku mwanafunzi amejilaza kwenye kochi akimkosoa. Swali likiwa gumu wanaiuliza simu, na wanachoambiwa wanakinakili hata hawakisomi. Huwa nawacheka, lakini nacheka kwa adabu. Wao angalau wanauliza. Mimi jibu lilivuta kigoda likakaa karibu yangu, nikalifukuza.

Baba alitutoka miaka mingi sasa, akiamini kuna daftari lenye kurasa nne za kazi yake. Daftari hilo ninalo. Nimelisoma tena juzi, ukurasa kwa ukurasa, na ndani yake hamna hata betri moja.