Lengo Langu Lilikuwa Kuwarudisha Makwao

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa beseni. Mimi nilitegemea koti jeupe na bomba la sindano, kijana niliyeteremka kutoka Newala na kiburi changu cha darasa la nane. Sista Mkuu wa kambi yetu ya ukoma, huku karibu na Ruvuma, hakuniuliza hata jina.

"Mtumishi wa Kristo huanzia miguuni," alisema. "Kaa chini."

Udresa wa ukoma, yaani uuguzi wa vidonda, ulikuwa kazi ya miguu. Ugonjwa ule huua hisia. Mtu anakanyaga kaa la moto na hana habari. Basi tuliloweka miguu, tukakwangua sugu kwa wembe, tukapaka mafuta, tukafunga bendeji. Ganzi tuliipima kwa unyoya wa kuku: mgonjwa anafumba macho, unamgusa, naye anaonyesha ulipomgusa. Vidonge vya dapsoni, dawa ya ukoma, walivimeza mbele yetu, maana wengine walivitema. Na harufu? Acheni! Wiki nzima chakula hakikunipita kooni.

Lakini niliipenda kazi ile. Ijumaa Kuu moja nikamwekea Mungu nadhiri kanisani: maisha yangu yatakuwa na lengo moja, kila aliyepona atoke kambini arudi kwao. Kwa ajili hiyo nilikataa uhamisho wa kwenda hospitali ya mjini, pamoja na nyumba nzuri ya Shangani, mtaa wa wakubwa. Mchumba wangu akasema yeye haolewi kwenye ukoma, akaenda zake. Nikajiambia msalaba ni msalaba.

Bwana Mganga wa Wilaya alinishangaa. "Wewe dresa, unataka kazi au unataka utakatifu?"

"Vyote, bwana mkubwa."

Alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa Bi Somoe. Huyu alikuwa Mwislamu wa kijiji kimoja upande wa Mnazi Bay, aliyeacha mume na watoto watatu wadogo. Kila nikimwosha miguu alisema, "Dresa, Mungu wako na wangu ni mmoja. Mwambie anirudishe kwa wanangu." Nami nilimwambia, asubuhi na jioni. Alimeza dawa miaka na miaka, hadi vipimo vya ngozi ya sikio vikatoka safi mara zote. Amepona! Nilimpeleka mwenyewe kwa Landrova ya misheni, naye njia nzima akijirekebisha kanga.

Tulipofika wanawake walipiga yowe wakakimbilia ndani. Kaka yake mkubwa akatoka, akanisalimia kwa adabu, lakini hakumtazama dada yake.

"Dresa, huyu sisi tulishamlilia."

Aliyekaa sana kambini, watu wale walimwekea matanga. Walinyoa nywele, wakalia, na tanga likianuliwa ndiyo basi, mtu amekufa. Mume alikuwa ameshamwoa mdogo wake Somoe, na mtoto wao wa kike alipewa jina lake, jina la marehemu.

"Lakini amepona!" nikafoka.

"Kupona amepona, mwanangu, hatubishi. Lakini alishakufa. Anayerudi baada ya tanga anatuletea msiba mwingine."

Wanawe watatu walichungulia mlangoni. Bi Somoe aliita majina yao mmoja mmoja. Shangazi yao akaufunga mlango.

"Turudi, dresa," akasema Bi Somoe.

Njiani nilianza kusali kwa sauti. Akaniambia, "Nyamaza kidogo."

Baada yake nilipeleka wengine. Wachache walijengewa kibanda mbali na watu. Waliobaki nilirudi nao. Bi Somoe naye akafa kambini, kwa homa tu. Tukamwita shehe wa jirani akamzika kwa dini yake. Nilipowapelekea ndugu zake habari, kaka alinijibu taratibu, "Poleni sana. Sisi tulishamaliza."

Leo nimestaafu, na vijana wa kanisani wananitaka niwafundishe kupanga maisha kwa imani. Nawaambia, pangeni. Imani ilinipangia maisha kweli, na haikuniachia kingine: mke sina, mtoto sina, na lile lengo zuri nililompa Mungu lilinifia mikononi. Nimechoka kusema ni mapenzi yake. Sikuona mapenzi pale mlangoni.

Mnaniuliza kama bado nasali. Nasali. Kila alfajiri napiga magoti yangu haya mabovu, na tangu siku ile sijapata neno la kumwambia.