Pointi Sitini za Ngai

Juzi niliokota dadu yenye pembe nyingi kwenye basi, nikaikumbuka meza yetu ya Hyattsville, Marekani, iliyonukia chapati. Kaka yangu na wenzake walikuwa wakitunga miungu ya mchezo wao wa kuigiza vita na mashujaa kwa kurusha dadu. Kaka akamwandika Ngai, akampa pointi sitini za uhai, zikiisha, anakufa. Nikachanganyikiwa. Mama alimwomba Ngai huyohuyo, kwa Kikuyu, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Dadu zikianguka vibaya, angemwomba nani?

Mama akaichukua karatasi. Nilidhani ataichana.

"Hizi pointi futa," akamwambia kaka. "Ngai hafi."

Leo najua Wakikuyu walimwita Mungu hivyo kabla hawajaona kanisa. Nisichoelewa bado ni jinsi Mama, aliyetukataza hata karata, alivyovuta kiti akaomba dadu.