Siku Nilitikisa Dunia kwa Miguu Yangu

Nakumbuka, mwanangu, siku moja yenye hainitoki kichwani, hata kama meno yangu ilishahama kama watu wa kambi ya wakimbizi ya Mugunga.

Nilikuwa kijana, zamu, mulinzi wa kajumba kamoja chini ya volkano, kwenye waliweka mashini ya kupima tetemeko. Sindano yake iliandika mustari kwenye karatasi, polepole, kama mutu anaota. Juu, wingu lilikuwa jekundu. Chini, ziwa limelala. Udongo ukitikisika, sindano inacheza. Masomo sina, lakini nililinda ile mistari mpaka nikaanza kuiota.

Basi Furaha, fiansé wangu, muchumba, akapita na kitunga cha maharagi. Nikamwambia, "Mimi njo bwana wa mulima, angalia." Nikaruka. Niliruka mpaka ndege wa Uganda wakanisalimia. Sindano ikachora milima na mabonde, Furaha akacheka mpaka maharagi ikamwangika.

Asubuhi Papa Bahati, muzee mwenye kusoma zile karatasi, akaikuta ile milima na mabonde. Ilikuwa wakati wa waasi, na njia ya kukimbilia Sake ilikuwa ya risasi. Akisema mulima unatoka moto, muji muzima utakimbilia kwenye risasi, na mama yangu mbele na godoro lake. Mimi nikaangalia chini.

Akachukua radio, akauliza vijumba viwili vingine vyenye mashini kama yetu. Huko mustari ulikuwa umelala. Akaniangalia miguu.

"Kijana, uliruka mara ngapi?"

"Kidogo tu, papa."

"Dunia ikitikisika haigongi mulango moja. Inatuma kwanza mutikisiko mutoto, mwepesi, anakimbia. Kiisha mama yake anafika na muzigo. Nafasi kati yao inaniambia tetemeko liko mbali gani. Vijumba vitatu vikisema, najua ni wapi. Hapa sioni mutoto, sioni mama. Naona mupumbavu na viatu vyake."

Hakunifukuza. Alisema tu, "Njia ya mwongo ni fupi, lakini watu wengi wanaweza kufia ndani yake."

Miaka ikapita. Mchana mumoja sindano ikaanza: mutoto, mama, mutoto, mama, bila kupumzika. Niliangalia kwanza miguu yangu. Ilikuwa imetulia. Radio ikasema vijumba vyote vinacheza. Nikateremuka mbio, nikapita hata chukudu, ile baiskeli ya mbao, yenye kushuka na mukaa.

Mama alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo.

"Mama, tutoke. Dunia inatikisika."

Akaniangalia. Furaha alikuwa alishamwambia yote ya kuruka kwangu, unajua wanawake wangu. "Ni miguu yako ao ni ya mulima?"

"Ni ya mulima, mama."

Akafunga kitenge, akatoka, hata kifuniko hakugusa. Mangaribi, jua likizama, moto wa mulima ulipita juu ya nyumba yetu. Ile sombe, nafikiri ingali inaiva.

Mwanangu, hadithi weka chumvi. Mimi naweka gunia nzima. Lakini neno lenye litabebesha watu watoto na magodoro, lilete bila chumvi, na kwanza uliza kijumba cha pili na cha tatu. Mungu akupe miguu yenye kutulia, na siku mulima ukiita, mama yako akuamini kwa neno moja.