Boksi ndani ya kiatu cha Winchi

Asubuhi ile moyo ulikuwa unanidunda utadhani mimi ndiye ninayekwenda kupimwa. Mume wa dada yangu, ambaye ghala zima linamwita Winchi kwa sababu alikuwa anabeba magunia mawili kwa mpigo, alikuwa ameitwa na daktari wa ofisi ya fidia. Mwaka mmoja nyuma rundo la magunia lilimporomokea, mguu wa kushoto ukavunjika mahali pawili. Karani alishatueleza: daktari akiandika ulemavu wa kudumu wa asilimia thelathini au zaidi, Winchi atalipwa kila mwezi maisha yake yote. Akiandika amepona, anarudi kwenye magunia. Dada alikuwa zamu, basi kazi ya kumsindikiza nikapewa mimi, ambaye mdomo wangu hauna breki.

Nilimkuta amekaa kitandani, shati limepigwa pasi, anakata boksi kwa kisu. Akapanga vipande vitatu ndani ya kiatu cha kushoto.

"Shemeji, unakwenda kuposa?"

"Usinichekeshe. Twende."

Nilidhani atavitoa tukifika hospitali. Wapi. Muuguzi alipomwita, mtu mzima akainuka, kifua mbele, akapita kwenye korido hatua sawa kwa sawa, jasho likimtiririka shingoni. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, alimtazama akiingia.

"Unatembea vizuri."

"Niko fiti, daktari."

Nilitaka kumrukia. Ila nilijua anachofanya. Kwa miaka yake ishirini na mbili ya ukuli, kila alfajiri, makuli wamepita mbele ya nyapara getini, naye huchagua kwa macho. Anayechechemea anarudishwa nyumbani bila kazi. Ndiyo maana makuli hawachechemei, hata msumari ukiwa unyayoni. Winchi alikuwa ndani ya chumba cha daktari, lakini miguu yake ilikuwa inapita getini.

Daktari akashika kalamu.

"Mwambie avue viatu," nikasema.

Winchi alinitupia jicho ambalo sitalisahau. "Shemeji, nyamaza."

"Sinyamazi. Daktari, huyu anadhani wewe ni nyapara, usipomwona mzima utamfukuza."

Kalamu ikawekwa chini. Kiatu kikavuliwa, boksi likatoka limelowa chapachapa. Daktari alimlaza, akapima kwa utepe: mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kwa sentimita nne. Kisha akamwambia apande kingazi cha kitandani, hatua moja tu. Winchi aliinua mguu wa kulia, goti la kushoto likalegea, akadaka ukingo wa meza.

"Hiyo usiiandike," akasema kwa sauti ndogo. "Nimeteleza."

"Baba, mimi sitafuti mtu wa kubeba mzigo. Tembea kama unavyotembea ukiwa peke yako."

Akasita. Halafu akatembea, peku, hadi mlangoni na kurudi, bega likizama kila hatua. Nilikuwa sijawahi kumwona akitembea hivyo. Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa.

"Asilimia thelathini na sita," daktari akasema akiandika. "Ya kudumu."

Winchi aliuliza mara mbili. Mimi niliruka nikagonga mzani, muuguzi akaja mbio kuona nani kaanguka. Furaha ilinijaa hadi nikamkumbatia na yeye.

Boksi tuliliacha kwenye pipa la taka la hospitali. Kituo cha basi kiko mkabala na geti la ghala, na nyapara alikuwa amesimama pale pale pake, makuli wakipakua lori.

"Winchi, mbona unachechemea?"

Niliona bega lake likianza kunyooka lenyewe. Kisha akaliachia.

"Mguu ulivunjika humo ndani," akajibu, kwa sauti ya kufika hadi kwenye lori. "Haujapona na hautapona. Nimeandikiwa na daktari wa ofisi ya fidia."

Makuli wakasimama na magunia mabegani. Mmoja, mwanamume wa makamo ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika, aliteremsha gunia lake taratibu. Akavuka barabara kutufuata, akichechemea mbele ya macho ya nyapara.

"Kaka," akamwambia Winchi, "hiyo ofisi iko wapi?"