Mbizi ya Tatu

Wapendwa, mmeona nilivyochukua muda kutoka kiti cha nyuma hadi hapa mbele, na hakuna aliyekohoa wala kuangalia simu. Asanteni. Miaka miwili iliyopita ningeletwa nimebebwa, kwa hiyo kwanza namshukuru Mungu kwa hizo hatua. Mchungaji ameniomba niseme yaliyonipata kwa sababu kati yetu kuna wagonjwa waliokata tamaa. Nitasema. Kuna habari za mkojo na za choo humu, na kuna mambo yangu mabaya kuliko hizo. Mwenye mtoto mdogo akimtoa nje sitakasirika.

Mimi ni Tobias. Nilizaliwa Nakuru, kwenye ziwa la kutazama ndege, si la kuoga. Huku Sweden nimeunganisha malori Södertälje miaka kumi na sita. Mke wangu, Furaha, ni wa Uvira, Kongo. Tulikutana darasa la Kiswidi, yeye akinicheka matamshi. Tuna binti mmoja, Neema, ambaye haya yaliponipata alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka thelathini na minane, kwenye bwawa la manispaa, pamoja na akina mama wawili wa Kisomali na mzee wa Kisiria. Nilipoweza, sikutosheka. Nikajiunga na wazamiaji. Hapa tunazamia kwenye machimbo ya zamani yaliyojaa maji, baridi ya kuuma meno, unavaa suti nene na huoni mbali kuliko mkono wako. Nilikuwa na mwili wa chuma. Aliyeumwa mgongo kazini nilimwita mvivu, tena mbele ya wenzake. Furaha alipokuwa na kipandauso nilimwambia anywe maji aache kulia.

Mwaka ule wa balaa langu, mama yake Furaha alikuwa anaugua figo kule Uvira. Furaha akaniambia, "Papa Neema, mama ananiita. Tuchukue likizo hii twende, nimuone angali anasema."

Mimi nilikuwa nimeshaamua kwenda Ufilipino, mkoa wa Leyte Kusini, ambako wazamiaji wenzangu walisifu kuta za matumbawe. Nikamjibu, "Mama yako ameumwa miaka mitatu. Hawezi kungoja mwaka mmoja?" Alifunga mizigo ya watu watatu.

Sitadanganya, pale ni pazuri. Fukwe nyingine zina mchanga wa kijivu, nyingine kokoto tupu, na ukiingia majini hatua ishirini tu, ardhi inakatika na ukuta wa matumbawe unashuka hadi usipoona mwisho. Tulizunguka ufukwe baada ya ufukwe kwa ngalawa zao zenye injini. Siku ya tatu nilimuona samaki ambaye watu wa kisiwa cha Mafia humwita papa shilingi, mkubwa kuliko basi, madoa meupe mgongo mzima, akipita taratibu kana kwamba sisi ni takataka. Nililia ndani ya miwani. Nilipopanda juu Furaha alikuwa chini ya mnazi, ameinua simu hewani akitafuta mtandao wa kuongea na Uvira. Nilimwambia anaharibu likizo.

Kiongozi wetu wa kuzamia alikuwa mzee wa miaka kama sitini, Nestor. Kwao kaka mkubwa ni manoy, na kila mtu alimwita Manoy Nestor. Siku moja kabla ya kuondoka nilizamia naye asubuhi mara mbili. Tulipotoka akasema, "Basi. Kesho unapanda ndege. Hata hizi mbili nimekupa kwa kuwa umeniomba sana, na ni za kina kifupi."

"Nataka ukuta ule mrefu. Mara moja tu."

"Hapana, bwana. Ukikaa chini sana, hewa unayovuta inajificha ndani ya damu. Inataka muda wa kutoka. Ukipanda ndege kabla haijatoka, inafanya viputo, kama soda ikifunguliwa. Nimewaona watu."

Nilimwambia, "Wewe kazi yako ni kubeba mitungi." Nilisema mbele ya mke wangu na mtoto wangu. Yule mzee akainama, akaendelea kukunja kamba zake.

Alasiri nilimpata mtu mwingine mwenye ngalawa ambaye hakuuliza maswali. Nikashuka peke yangu. Nilifika mita arobaini na mbili, saa yangu ya kuzamia ikilia mkononi, nami nikaifunika kwa kiganja. Kulikuwa na kasa mkubwa, nikamfuata. Nilipotazama kipimo, hewa ilikuwa imekaribia kwisha. Nilipanda juu haraka kuliko viputo vyangu mwenyewe. Mtu yeyote aliyesomea kuzamia anajua maana ya hayo: hewa haikupata muda wa kutoka kwenye damu.

Saa moja baadaye ngozi ilianza kuniwasha. Tumboni palitoka mabaka ya zambarau, kama ramani. Bega la kulia likauma kwa ndani kabisa, kwenye mfupa. Manoy Nestor alikuja kutuaga, akaniona nikijikuna.

"Ulizamia tena?"

"Hapana. Ni pweza niliyekula."

"Kama ulizamia, hakuna aibu. Oksijeni iko kwenye duka letu la kuzamia. Chumba cha tiba kiko Cebu, ni safari ya nusu siku. Niambie tu."

Wapendwa, mlango ulikuwa wazi. Mzee niliyemtukana ndiye aliyeushika. Nikamwambia, "Nimesema ni pweza." Furaha alinitazama. Alijua. Aliniambia kwa Kiswahili, "Sema ukweli, Tobias," nami nikamwambia afunge mdomo.

Kesho yake tukapanda ndege ya kwanza, halafu ile kubwa. Saa chache tukiwa juu, maumivu yalinishika kiunoni pande zote, kama nimefungwa mkanda wa moto. Miguu ikaanza kuvuma, kisha ikawa mizito, kisha sikuijua tena. Nilitaka kukojoa na mkojo haukutoka. Nilirudi chooni mara nne nikijishikilia kwenye viti vya watu. Mara ya tano magoti yalikunjika nikaanguka kwenye njia, mbele ya abiria, na hapo hapo haja kubwa ikatoka bila mimi kujua. Niliijua kwa harufu. Neema alijifunika uso kwa blanketi. Furaha alipiga magoti akanifuta kwa taulo za karatasi, huku mhudumu akishika pazia.

Kwenye uwanja wa ndege wa Arlanda nilitolewa kwa machela. Hospitalini waliniwekea mpira wa mkojo, na mfuko ukajaa, wakabadilisha, wa pili nao ukaelekea kujaa. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Alinichoma kwa sindano kuanzia kidole gumba cha mguu kupanda juu. Sikusikia kitu hadi alipofika kitovuni.

"Viputo vimeumiza uti wa mgongo," alisema. "Ungepewa oksijeni na kutibiwa siku ile ile, huenda ungetembea wiki hiyo hiyo. Sasa sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama utatembea. Tutajaribu."

Waliniingiza kwenye chumba cha mgandamizo. Ni pipa kubwa la chuma lenye dirisha dogo. Unafungiwa ndani, shinikizo linaongezwa kama vile umeshushwa tena baharini, nawe unavuta oksijeni kwa kinyago kwa saa nyingi. Masikio yanapasuka. Niliingizwa humo siku baada ya siku. Kila nikitoka daktari alinichoma sindano, na kila siku nilidanganya kwamba nimesikia. Alijua. Alikuwa akiandika tu.

Baada ya wiki sita walinirudisha nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu ugonjwa ulikuwa wa mwili lakini kilichofuata kilikuwa ni mimi.

Nilihitaji kugeuzwa kila baada ya saa chache, nisipate vidonda vya kulalia. Nilipata hata hivyo, kimoja tako la kushoto, kirefu kiasi cha kuingiza kidole. Nilihitaji mfuko umwagwe, na asubuhi niwekewe dawa nyuma ili choo kitoke, halafu nifutwe. Manispaa ilitaka kutuma wahudumu wa nyumbani, wale wa hemtjänst. Ofisa alikuja na karatasi zake mezani. Nikamwambia sitaki wageni waniguse, nina mke.

Ofisa alimgeukia Furaha. "Na wewe unasemaje?"

Nilijibu mimi. "Amekubali."

Furaha aliacha kazi yake ya shule ya chekechea. Alinifanyia yote, na alinifanyia vizuri, bila kunung'unika hata siku moja. Mimi nilinung'unika. Maji ya moto sana. Maji ya baridi. Nilimrushia kikombe mara moja. Neema aliacha kuongea nami Kiswahili, akawa ananijibu Kiswidi tu, neno moja moja, kama unavyomjibu mtu wa benki.

Siku moja mchana Furaha alikuwa ameinama kando yangu akifungua bomba la mfuko wa mkojo. Simu ililia. Ilikuwa Uvira. Alisikiliza ameishika kwa bega, mikono ikiwa na kazi. Alimaliza kumwaga, akafunga bomba, akanawa. Ndipo akasema, "Mama amekufa. Nitaenda kumzika."

Nilitakiwa kusema nini? Kila mmoja wenu analijua neno la kusema. Mimi nilisema, "Nani atanigeuza?"

"Wale wa hemtjänst. Wiki mbili tu."

"Ukiondoka nikafa, utamzika nani tena?" Nikalia. Nililia makusudi, kwa sauti, ili majirani wasikie. Nilijua atabaki, na alibaki. Alitazama mazishi ya mama yake kwenye simu, ameketi ukingoni mwa kitanda changu, na picha ikakatika kabla jeneza halijashushwa. Alinigeuza ubavu wa pili kwa wakati wake.

Mwezi uliofuata kidole gumba cha mguu wa kushoto kilicheza. Nilidhani ni ndoto. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa Kiswidi asiyejua huruma, namshukuru sana, alinifunga mikanda akaninyanyua kati ya vyuma viwili. Nilitapika kwa maumivu. Akasema, "Vizuri. Tena." Siku baada ya siku, miezi minane. Siku niliyokojoa mwenyewe, matone tu, nilipiga kelele kama mtu aliyefunga bao. Nikatembea na kigari, nikatembea na magongo mawili, nikatembea na moja. Furaha alikuwa mbele yangu kila siku, akirudi kinyumenyume, mikono imenyooshwa. Nilidhani lile ndilo penzi lenyewe. Nilianza hata kumwambia asante.

Kisha siku moja nilitoka jikoni nikafika mlango wa mbele nikarudi, bila gongo, bila kushika ukuta. Nilicheka. Neema alikuwepo. Furaha akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Tena mara moja." Nikafanya.

Akavua aproni, akaikunja.

"Nimepata nyumba Jakobsberg," alisema. "Ufunguo ninao tangu mwezi wa tatu. Neema anakuja nami."

Nilidhani anatania. "Furaha, sasa hivi? Sasa ndipo nimepona!"

"Ndiyo. Nilimwahidi Mungu kwamba sitakuacha kitandani. Sikumwahidi zaidi ya hapo."

Nilimsihi. Nilitaja ndoa, nikataja mtoto. Nikamwambia moyo wangu umebadilika. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza siku zote, halafu akasema, "Ulipoanguka kwenye ndege, niliogopa utakufa. Siku ya mazishi ya mama niliogopa hutakufa. Hiyo hofu ya pili ndiyo iliyonifukuza." Neema alikuwa ameshavaa koti.

Nilisimama dirishani kwa miguu yangu mwenyewe nikiwatazama wakivuta masanduku kuelekea kituo cha treni. Wale waliokuwa wananiombea nisimame, maombi yenu yalijibiwa.

Leo natembea. Mguu wa kulia unaburuta kidogo, na ndani ya suruali hii bado navaa kitambaa cha kuzuia mkojo. Kibofu hakijarudi chote. Nimerudi kiwandani, kwenye kazi ya kukaa. Nimemwandikia Manoy Nestor kumwomba radhi. Alijibu kwa sentensi moja, kwamba anafurahi niko hai na wageni wapya wanamsubiri.

Mliolala kitandani leo, nawaambieni mwili unaweza kurudi hata baada ya daktari kusema sijui. Msichoke. Daktari akikuchoma sindano usiseme umesikia kama hujasikia. Ukiambiwa ngoja, ngoja. Ukiulizwa na mtu mwenye dawa mkononi, sema ukweli, hata kama ulimtukana jana. Na wahudumu wakija kukufuta, waache wakufute. Anayekuuguza ana mama pia.

Nawashukuru madaktari, yule kijana wa mazoezi, na ninyi. Kabla ya kuja hapa nilimpigia Furaha kumwomba ruhusa ya kusema habari zake mbele ya watu. Akasema, "Sema yote. Lakini usiwaambie kwamba nimekusamehe."

Kwa hiyo siwaambii.