Jeni Anawaka Mchana

Niliondoka Magomeni kwa sababu ya mwanamke aitwaye Jeni. Jioni iliyotangulia, Rajabu, mchumba wangu, alisimama barazani kwetu akizungumza kwenye simu, mgongo ameupa mlango. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na birika la chai mkononi.

"Jeni anawaka sana mchana," alisema kwa sauti laini ambayo mimi sikuwahi kupewa. "Usiku analala kabisa. Kesho nitamfunika mwenyewe, tuone." Kisha akacheka.

Kwa msomaji asiyeijua Dar: hapa mtu akiambiwa anawaka, amependeza mpaka macho yanauma.

Jumamosi wazee wake wangefika kutoka Lindi kupokea jibu la posa. Mwenye kuwajibu ni shangazi Zuhura, aliyenilea. Nikamweleza niliyoyasikia. Hakushtuka, alikaza kanga yake tu.

"Usilie. Kamwone kwa macho yako. Ukirudi utaniambia: niwakaribishe, au niwafungie mlango."

Jangwani, asubuhi, barabara ilikuwa bado na tope la mvua ya juzi. Rajabu alitangulia kwa bodaboda, mimi nyuma yake kwa bajaji, mtandio umenifunika nusu ya uso. Dereva alinitazama kwenye kioo.

"Dada, huyo tunayemfukuza ni mume au ni mwizi?"

"Mchumba."

"Basi shikilia vizuri. Mchumba ana mbio kuliko mume!"

Kariakoo ilikuwa imeshachangamka, makuli wakipiga mluzi watu wapishe marobota. Rajabu aliingia duka la vitambaa. Nami nikajibanza nje, nyuma ya vitenge vilivyotundikwa, nikivuta harufu ya pamba mpya kama mtu anayevuta sumu.

"Shikamoo, mzee. Nataka kaniki nzito, isiyopitisha mwanga hata chembe."

"Marahaba. Kaniki ya mganga hiyo, au ya bibi harusi?"

"Ya Jeni," akajibu, akacheka peke yake.

Akaikunjua, akaiinua juani, akaingiza kichwa ndani kama mtoto. Akaikataa, akaletewa nyingine, akaikataa nayo. Kanga yangu ya uchumba alimtuma dada yake aichague. Leo kwa kipande cheusi alikuwa akihangaika kama anatafuta sanda ya mfalme. Niliumia mpaka kwenye meno.

Ufukweni, palipo na gati dogo, boti ya injini ilikuwa ikimngoja. Ndani yake alisimama msichana mrefu mwenye buti za mpira, mikono kiunoni, mzuri bila kujali. Nikaenda moja kwa moja.

"Wewe ndiye Jeni?"

"Mimi Aikande, wa Marangu. Karibu."

Rajabu aligeuka, kaniki kwapani. "Umefikaje hapa?"

"Nimekuja kumwona Jeni wako."

Aikande alikaa juu ya sanduku la barafu, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mpandishe, Rajabu. Amwone! Haki ya Mungu, leo amwone."

Baharini, mji ulipobaki mstari wa maghorofa, wao wawili, watafiti wa maabara moja, waliteremsha chupa, wakavuta maji yaliyoonekana matupu. Hayakuwa matupu. Rajabu alinieleza kwamba mna viumbe wadogo mno, wanaojilisha kwa mwanga kama majani ya mti. Ndani ya kila mmoja mna jeni, maagizo ya kutengeneza kiungo cha kunasia mwanga. Jua likipanda, kiumbe hutoa nakala za maagizo hayo kwa wingi. Giza likiingia, huacha kuzitoa. Rajabu na wenzake huzipima nakala hizo, wajue jeni inafanya kazi kiasi gani. Chupa moja ingekaa juani, nyingine ndani ya kaniki. Nakala huvunjika upesi, ndiyo maana maji yakishachujwa, kichujio hutumbukizwa papo hapo kwenye mtungi wa baridi kali.

"Kwa hiyo Jeni si mtu."

"Si mtu."

"Basi mbona husemi inawaka? Mimi naishi kwa maneno, Rajabu. Kitu huwaka, kikalala, na lugha inajua ni kitu. Wewe unasema anawaka, analala, nitamfunika!"

Alikuna kichwa. "Ukishinda naye kutwa..."

"Naye!"

"Nayo."

"Maabara nzima tunamwita yeye," Aikande akadakia. "Ni kama mgonjwa wetu."

Mngedhani wivu wangu ulizama pale. Ulipanda. Mwanamke ningeweza kushindana naye kwa wanja na udi. Huyu alikuwa hana uso, na bado amepandishwa cheo kwenye ngeli ya watu. Rajabu alipozungushia chupa kaniki, vidole vyake vilikuwa na upole niliouota. Aikande alimpa kila kitu kabla hajakiomba, na hilo nalo lilinichoma.

"Shika hapa," Rajabu akaniambia. "Upepo usiifunue." Nikaishika mpaka vidole vikafa ganzi, nikiwa nimemkumbatia mpinzani wangu.

Msimbazi, wakati wa kurudi, tulitembea wawili. Nywele zangu zilikuwa na chumvi.

"Kwa nini hukuwahi kunieleza hivi?"

"Wewe una Sudi wako," akasema bila kunitazama. Sudi ni mtu wa kwenye riwaya ninayoiandika. "Wiki nzima umemlilia mezani, chai yangu inapoa. Sijui nikukatize vipi."

"Sudi hayupo, Rajabu! Nimemtunga."

"Hayupo, na unamlilia. Unadhani mimi sioni wivu?"

Nilisimama katikati ya njia, mkokoteni ukanipigia kelele nipishe. Nilikuwa nimevuka mji kumtafuta mwizi, nikamkuta mwenzangu ameibiwa vilevile. Hilo ndilo nililojifunza, wala halikuuponya wivu wangu. Ulipata mwenza tu.

Magomeni, shangazi alikuwa uani akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Enhe. Huyo Jeni yupo?"

"Yupo, shangazi. Anaamka na jua."

Ungo ukatulia. "Na wazee?"

"Wakaribishe."